Yule shosho wa Osaka hakuwa ananisalimia

Wale mmenifuata tangu mwaka jana mnaijua ile video. Sekunde kumi na tisa. Mama mzee wa Osaka amesimama nyuma ya bamba la chuma la kupikia, aproni ya bluu, ananiangalia, halafu anakunja mikono miwili kifuani, alama ya X. Mimi nacheka nyuma ya kamera, nageuza simu na kuweka X yangu. Juu nimeandika: "Shosho wa Osaka anajua Wakanda!" Ndani ya siku mbili watu laki tatu na ushee walikuwa wameiona. Babangu, ambaye tangu niache chuo alikuwa haniulizi tena kazi yangu inaendaje, aliituma kwa kundi la familia bila kusema neno, na kwa mzee wangu hiyo ni sifa kubwa.

Sai ukiitafuta kwangu huipati. Nimeulizwa sana kwa nini, na kuna wale mmesema niliogopa, ati nilishtakiwa. Hakuna aliyenishtaki. Wacha nieleze mara moja, na humo ndani niwape pia yale mnayoniuliza kila siku kuhusu safari yenyewe, maana naona wengi mnapanga kwenda Japani mara ya kwanza.

Nilifika Osaka kwa sababu dadangu anasoma huko, mwaka wa tatu. Barua ya mwaliko aliandika yeye, na karatasi ya kusema atanisimamia nikiwa kule alitia sahihi yeye. Hii muishike, mtaihitaji mbele.

Kabla ya kusafiri nilikuwa nimekariri zile orodha zote. Usiongee na simu ndani ya treni. Usile ukitembea. Usiache bakshishi. Usichomeke vijiti wima kwenye wali. Zote ni kweli, lakini nilizishika kama majibu ya mtihani, na mitihani mimi nilishaachana nayo. Hakuna aliyeniambia kwamba vijiti vilivyosimama kwenye bakuli la wali ndivyo wanavyowawekea wafu wao. Au kwamba hampitishiani chakula kijiti kwa kijiti kwa sababu hivyo ndivyo familia inavyookota mifupa ya marehemu baada ya mwili kuchomwa. Ukishajua hilo, si sheria tena. Huwezi kufanya hata ukilipwa.

Haya, ya usafiri haraka haraka. Nunua kadi ya treni siku ya kwanza. Pale Osaka inaitwa ICOCA, unaitoa kwa mashine stesheni kwa yeni 2,000, na 500 kati ya hizo ni amana ya kadi. Yeni moja haifiki shilingi yetu moja, kwa hivyo usishtuke ukiona bei zina sufuri nyingi. Kwa ngazi za umeme, Osaka watu husimama upande wa kulia, Tokyo husimama kushoto. Mimi nilisimama kati, kama jiwe mtoni. Ndani ya treni si kimya cha msikitini venye wanavyosema mtandaoni, wanafunzi wanapiga stori, ila kwa sauti ya chini, na simu ya mtu hailii. Dukani usimpe mtu pesa mkononi kama kuna kisahani mbele yake. Weka hapo, naye atarudisha chenji hapo hapo. Mapipa ya taka ni machache sana. Mengi yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sumu kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo mwaka 1995. Nilitembea na ganda la ndizi mfukoni nusu siku.

Na kiti kando yako kwa treni kinaweza kubaki wazi hata watu wakiwa wamesimama. Mimi kilibaki. Dadangu anasema wengine wanaogopa utawasemesha Kiingereza washindwe kujibu, na wengine sio hiyo sababu. Hakuongeza kitu, na mimi sikuuliza.

Pia msiniletee ile ya "Wajapani ni malaika wa nidhamu." Nimeona wazee wa tai na suti wamelala chini stesheni usiku, wamelewa chakari. Nimeona Dotonbori asubuhi, taka zimezagaa. Ni watu tu.

Nara ni lazima uende. Kulungu zaidi ya 1,000 wanazurura bustanini hadi barabarani, na tangu zamani wanahesabiwa kuwa wajumbe wa miungu ya hekalu la pale. Unanunua biskuti zao maalum, unainamisha kichwa, na wengine wanainamisha pia. Ni kweli kabisa, nimeinamiana na mnyama. Lakini ukimchezea, umwonyeshe biskuti halafu uifiche, anakuuma. Mimi aliniuma tako. Halafu uingie Todai-ji uone Buddha mkubwa wa shaba, karibu mita 15, aliyezinduliwa mwaka 752. Ukisimama chini yake unaongea taratibu bila kuambiwa.

Kyoto ndipo nilitaka kukaa zaidi. Fushimi Inari, yale malango mekundu mnayoyaona kila mahali, yanaitwa torii. Hekalu lenyewe lilianzishwa mwaka 711, kiingilio bure, na liko wazi usiku na mchana. Sikiza ushauri wangu: fika alfajiri. Sisi tulipanda treni ya kwanza. Tulikuwa watu kama kumi mlima mzima, ukungu, kunguru, na taa ndogo zinawaka. Saa nne tukishuka njia ilikuwa imeziba, watu wamepanga foleni ya kupiga picha kana kwamba hakuna mwingine.

Ila kuna kitu pale wengi hawakioni kwa sababu hawashuki wakiangalia nyuma. Ukipanda, nguzo ni nyekundu tupu. Ukishuka, zimejaa maandishi meusi. Hayo ni majina ya waliotoa pesa lango lijengwe, kampuni, maduka, watu binafsi, na tarehe. Inari anaombwa mavuno na biashara njema. Kwa hivyo yale "mandhari" ya nyuma ya picha yako ni dua za watu. Mtu alikuwa na duka, akaomba, likasimama, akarudi kushukuru kwa lango. Mimi ni Mwislamu, sikuinama wala kupiga makofi mbele ya madhabahu, nilisimama kando nikavua kofia, na hakuna aliyenikazia macho. Huhitajiki kuabudu. Unahitajika tu usisimame njiani kwa anayeabudu.

Mwaka 2024 kulikuwa na mwanasarakasi mmoja kutoka Chile, alijivuta mikono juu ya lango la torii kama chuma cha mazoezi, akaweka video, akatukanwa hadi akaomba msamaha. Mwaka uliotangulia Mmarekani mmoja, kazi yake kurusha video moja kwa moja, alikuwa akiingia treni na mikahawa akipigia watu kelele za Hiroshima na Nagasaki. Alikamatwa, na mahakama ikamtoza faini ya yeni 200,000 kwa kuvuruga biashara ya mkahawa mmoja pale pale Osaka. Hizi habari nilizisoma nikiwa Nairobi. Nikatikisa kichwa. Nikasema, manze, kuna watu hawana adabu.

Hata Gion nilijiona mtakatifu. Gion ni ule mtaa wa Kyoto wa nyumba za mbao, na ukibahatika utaona maiko, wasichana wanaojifunza kazi ya sanaa ya geiko, wakienda kazini jioni na kimono zao. Watalii walikuwa wanawakimbiza, wanawavuta nguo, wanawazibia njia. Wenyeji wakachoka. Kwanza wakakataza picha kwenye vichochoro vya watu binafsi, halafu mwaka 2024 wakafunga vingine kabisa kwa wageni, na mabango yanasema faini ni yeni 10,000. Nilikuta bango, nikazima simu, nikageuka. Dadangu akanipiga picha nikigeuka. Nikaiweka na maneno ya kuhimiza wengine. Mnaikumbuka.

Siku mbili baadaye ndio mambo ya duka.

Karibu na anapokaa dadangu kuna kaduka ka okonomiyaki, viti saba tu mbele ya kaunta, mama mzee mmoja anapika mwenyewe. Okonomiyaki ni kama chapati nene ya mayai na unga iliyojaa kabeji, inapikwa mbele yako. Juu wanapaka sosi nyeusi na mayonezi, halafu wanamwaga samaki mkavu aliyekatwa mwembamba kuliko karatasi, na kwa mvuke ule vile vipande vinacheza kama viko hai. Kwa kawaida humo ndani wanatia nyama ya nguruwe. Dadangu hali. Alipoingia mara ya kwanza, miaka miwili iliyopita, alikuwa na maneno ya Kijapani hayajai kiganja, akaeleza kwa ishara na simu. Tangu siku hiyo yule mama, akimwona mlangoni tu, anakwangua upande mmoja wa bamba, anaufuta, anapaka mafuta mengine na kumpikia ya kamba na ngisi. Hajawahi kumwambia ni usumbufu. Dadangu amewahi kuniambia kwamba mwaka wa kwanza, kuna wiki zilipita yule mama akiwa ndiye mtu pekee aliyeongea naye nje ya darasa.

Siku ya pili tulienda pamoja. Siku ya tano nikaenda peke yangu, dadangu yuko chuo. Yule mama alinitambua. Akakwangua bamba bila kuambiwa. Mimi nikatoa simu.

Aliinua mikono, akaweka X. Nikaona, haki ya Mungu, huyu ananijua natoka wapi! Ameona filamu! Nikacheka, nikaweka yangu. Akaweka tena, safari hii ameifinya zaidi, anatikisa kichwa kidogo. Nikacheka zaidi. Akashusha mikono, akageuza chapati, akanihudumia. Nikala, nikalipa, nikasema asante yangu ya Kijapani, nikaenda nikaiweka kabla hata sijafika nyumbani.

Dadangu aliipata kwa kundi la Wakenya walioko Japani. Aliingia nyumbani, akavua viatu, akavigeuza vikaangalia mlango venye wanafanya kule, akakaa chini. Hakuvua koti.

"Unajua ile X ni nini?"

Nikamwambia, si ni Wakanda.

"Ni hapana. Hapa mtu akikuwekea mikono hivyo anakwambia hapana, usifanye. Amekwambia mara mbili. Nimehesabu."

Nikaanza kujitetea. Kwamba angeweza kusema. Kwamba video ni ya kumsifu, watu wanampenda, soma maoni. Akaniacha nimalize.

"Wewe unaondoka Jumatano," akasema. "Mimi nabaki. Mtaa huu hakuna Mwafrika mwingine. Ukifanya wewe, nimefanya mimi. Na karatasi nimetia sahihi mimi."

Sikulala vizuri. Na kilichonikosesha usingizi, nitasema ukweli, mwanzoni ilikuwa hesabu. Wakala mmoja wa safari alikuwa ameniandikia jioni hiyo hiyo anataka kuitumia kwa tangazo. Ingekuwa pesa yangu ya kwanza ya maana. Nilikuwa natafuta njia ya kubaki na vyote viwili, labda nimfunike uso, labda nikate zile sekunde za X, ilhali X ndiyo video yenyewe.

Halafu nikamkumbuka nyanya.

Nimezaliwa Mombasa, Mji wa Kale. Nyanyangu alikuwa akiuza mahamri na mbaazi asubuhi barazani kwake, mwendo mfupi kutoka Ngome ya Yesu. Meli za watalii zikitia nanga walikuwa wakipita makundi kwa makundi na kamera shingoni. Akiona kamera alikuwa anavuta leso usoni. Hakugombana na mtu, alivuta tu leso na kugeukia sufuria. Na wao, nakumbuka hili vizuri maana nilikuwa mtoto nimekaa miguuni pake, walikuwa wanacheka kwa upendo kabisa na kupiga zaidi. Waliona ana haya. Waliona inapendeza. Mahali fulani Ulaya kuna nyumba zina picha ya nyanyangu amejifunika, na walioipiga wanaamini hadi leo kwamba alikuwa anacheza nao.

Nikamwambia dada asubuhi tuende.

Alinifundisha neno la kuomba radhi, zito kuliko lile sumimasen la kila siku: moshiwake arimasen. Nilikuwa na pakiti mbili za majani ya chai ya Kericho nilizobebea mwalimu wake, nikachukua moja. Tulienda saa tisa alasiri, kati ya chakula cha mchana na cha jioni, ili tusimharibie biashara. Dadangu akasimama mlangoni kwanza, akasema maneno yao ya kuingia kwa mtu. Ukiyatafsiri ni kama "nitakusumbua", lakini kazi yake ni ile ile ya hodi yetu. Yako mengi hivyo. Wana neno la kumwambia mtu aliyetoka kazini, na dadangu anasema alihangaika kulieleza kwa Kiingereza hadi akagundua ni pole na kazi, basi. Sisi wa Kiswahili tulipaswa kufika kule tukiwa tayari tunajua nusu ya adabu zao. Nilibisha hodi mwaka mzima utotoni, nikaingia Osaka na kamera bila hodi.

Nikainama, nikasema neno langu, nikatoa chai kwa mikono miwili. Yule mama akasikiliza. Akaomba aione video. Sikuwa nimetarajia hilo. Akavaa miwani, akaitazama mara moja, kisha akaomba tena, na safari hii akaweka kidole kwenye kona ya kioo. Nyuma kabisa, kando ya friji, kulikuwa na mzee anasoma gazeti. Mimi sikuwa nimemwona, na nilikuwa nimeihariri hiyo video kwa saa nzima. Akasema kitu. Dadangu akanitafsiria: "Huyu ni mteja wangu."

Kumbe wala hakuwa anajikinga yeye.

Dada alinieleza baadaye kwamba kule mtu ana haki juu ya sura yake na watu wanaichukulia kwa uzito. Angalia video za Wajapani wenyewe, wapita njia wote nyuso zimetiwa ukungu. Simu zinazouzwa kule hutoa mlio ukipiga picha na huwezi kuuzima, waliweka hivyo kwa sababu ya wanaopiga watu kwa siri. Hayo yote nilikuwa nayo kwenye orodha, namba saba au nane hivi, na nilikuwa nimeyapita.

Nikaifuta mbele yake. Nilimwonyesha kioo. Akatikisa kichwa kukubali, akachukua chai, akaiweka rafu ya juu. Hakutukaribisha kukaa. Hakutufukuza pia. Alikuwa anakata kabeji tulipotoka.

Wakala hakunijibu tena. Baba aliuliza kwa kundi "ile video imeenda wapi", sikujibu, na nadhani atasoma hapa. Dada alikaa wiki tatu bila kwenda dukani, kisha akaenda. Bamba lilikwanguliwa upande mmoja kama kawaida, akahudumiwa, lakini stori hazikuwepo. Ilichukua hadi mwezi wa pili ndipo yule mama akamuuliza kama mdogo wake alifika nyumbani salama.

Tatizo ni kwamba kufuta kwangu hakukumaliza kitu. Kuna akaunti tatu zilikuwa zimeshaichukua. Nimeziandikia. Moja iliifuta na kuomba radhi, moja ilinicheka, moja haijajibu hadi leo. Ukikutana nayo usiisambaze, nakuomba, na usiniletee kiungo chake kwa maoni hapo chini.

Na wale mnaoniandikia kisiri kila wiki mkitaka jina la duka ili mkifika Osaka mpitie, chakula ni kitamu kweli, bei haifiki yeni 1,000, na jina siwapi.